Gari liliposhiba, vifaranga wakalala gizani

KILA ifikapo Desemba swali huwa lile lile katika nyumba nyingi za Nairobi: mwaka huu tutaendaje nyumbani? Nauli za matatu hupanda, mabasi hujaa hadi mlangoni, na mwenye gari lake huanza kuhesabu lita za petroli kabla hajahesabu sukari na majani chai ya wazee. Desemba 2024 sisi tulipata jibu ambalo hatukulitarajia. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa akisafiri ng'ambo, akatuachia funguo za gari lake dogo la umeme, mojawapo ya yale yaliyotumika Japani kabla ya kuteremshwa bandarini Mombasa.

"Liendesheni mpendavyo," alituambia, "mradi lisilale njaa."

Tulicheka. Laiti tungalijua maana ya neno hilo tusingalicheka.

Tulikuwa watu watano: mimi, mume wangu na watoto wetu watatu. Kwa mume wangu ni karibu na Rodi Kopany, Homa Bay. Kwetu nilikozaliwa ni Migori. Kutoka boma moja hadi jingine si mbali, hazifiki kilomita 80, lakini kutoka Nairobi hadi huko ni zaidi ya kilomita 300, na hapo ndipo hesabu ilipotukalia kichwani. Betri ya gari hilo likiwa jipya hubeba uniti 40 za stima. Kwa uzee wake shemeji alitushauri tuhesabu 33. Uniti moja hukupeleka kilomita sita, ukienda polepole saba. Piga hesabu mwenyewe, msomaji, utaona kwamba hatungefika kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo mume wangu alipiga simu siku mbili kabla, akapata nyumba ya wageni mjini Narok iliyokubali tulale na gari letu lichomekwe ukutani usiku kucha kwa malipo kidogo. Ndugu zangu wa kike waliposikia kwamba tutalala njiani safari ambayo matatu huimaliza kwa siku moja, walisema tumerogwa.

Hata hivyo sitasahau ile asubuhi ya kuteremka Bonde la Ufa. Tulikuwa tumepanda kutoka jijini, asilimia za betri zikishuka kama maji ya ndoo iliyotoboka. Tulipoanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu, kifungua mimba wangu alipiga kelele: "Mama, zinarudi!" Na kweli zilikuwa zikirudi. Gari la umeme likiteremka mlima, mota yake hugeuka jenereta, nayo hurudisha stima katika betri huku ikilizuia gari lisikimbie. Tulianza mteremko tukiwa na asilimia 76, tukafika chini na 79. Watoto walipiga makofi kama waliofungiwa bao na Gor Mahia.

Baba yao, ambaye hawezi kuacha kufundisha hata likizoni, aliwaonyesha mlima Longonot na kuwaambia kwamba nyuma yake ndiko Olkaria, ambako mvuke wa ardhini hugeuzwa stima. Nchi yetu hupata takriban sehemu tisa katika kila kumi ya umeme wake kwa mvuke, maji, upepo na jua. Akawaambia pia kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari ilhali Ziwa Victoria liko mita 1,134, kwa hiyo ukijumlisha milima na mabonde yote, kwenda Homa Bay ni kuteremka. Deni hulipwa wakati wa kurudi, maana kulipandisha gari na watu watano mita hizo zote hula karibu uniti tatu zaidi.

Ya Narok hayana mengi. Tulilala, gari likalala, asubuhi likawa limejaa. Bomet, Sotik, Kisii, tukienda kwa kilomita 70 kwa saa huku malori yakitupigia honi na kitinda mimba akitapika katika mfuko wa karatasi. Kiyoyozi tulikizima. Baada ya Rongo nilikoma kutazama mashamba ya miwa nikawa natazama kile kioo tu. Tuliingia bomani saa kumi na mbili jioni tukiwa na asilimia 8.

Mama mkwe alitupokea kwa vigelegele. Alilizunguka gari mara mbili, akainama kutafuta bomba la moshi, akalikosa. "Nyar Migori," aliniambia, "sasa hili linakula nini?"

"Linakula stima, Mama."

"Haya. Kila mgeni na chakula chake."

Sisi tuna nyumba yetu ndogo pale bomani, kama ilivyo desturi kwa mwana aliyeoa, lakini mita ya stima ni moja tu nayo iko nyumbani kwa Mama. Waya umevutwa kutoka kwake hadi kwetu. Stima yenyewe ililetwa na ule mradi wa serikali wa Last Mile, ulioanza mwaka 2015 wakati ada ya kuunganishiwa ilipopunguzwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Hata ubao wenye swichi na soketi, ule ambao wengi wenu mmeuona kwa wazazi, bado uko ukutani kwa Mama. Mume wangu alichomeka gari kwetu, akahakikisha taa ya kijani inamulika, tukala samaki na kuon, tukalala usingizi wa waliochoka.

Kulipokucha nilikwenda kumwamkia Mama nikamkuta jikoni, hajalala. Ameketi kwenye kigoda, jiko la makaa mbele yake, mlango na dirisha wazi, na kando yake boksi la vifaranga. Anawafuga ili auze, na pesa hizo humlipia karo mjukuu mmoja yatima aliye kidato cha pili. Usiku huwawashia balbu wapate joto. Nilipochungulia ndani ya boksi niliona waliokuwa wakitembea na niliona pia waliokuwa wamelaliana kwenye pembe moja. Hao hawakuinuka tena. Walikuwa saba.

"Stima iliisha saa nane," alisema. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bila hasira yoyote: "Gari limeshiba?"

Kwenye mita yake kulikuwa na uniti 19 tulipofika. Kwake hizo ni za zaidi ya majuma matatu, kwa sababu Mama huwasha balbu nne, redio na simu tu. Gari lilizimaliza kwa saa nane. Majirani walikuwa na mwanga wao kama kawaida. Kwetu peke yetu ndiko kulikokuwa giza. Yeye aliamka, akaelewa mara moja, na badala ya kuja kutugongea aliwasha makaa. Nilimwuliza kwa nini hakutuamsha, nasi tungenunua tokeni kwa simu hata usiku wa manane.

"Mgeni huamshwa alipe chakula alichokula?"

Mume wangu alipoambiwa, alinunua tokeni za shilingi 1,000 papo hapo, zikaja uniti ambazo hazikufika 50, akadhani ameyamaliza. Ndipo alipofika binamu yake ambaye ni fundi wa stima pale Rodi. Huyu alifanya mambo mawili. Kwanza aligusa soketi yetu, akaondoa mkono haraka. Ilikuwa moto. Waya wa kule kwetu ulivutwa kwa ajili ya balbu na redio, lakini gari huvuta nguvu kama pasi iliyowashwa, tofauti ni kwamba pasi huizima baada ya nusu saa, nalo gari huvuta saa kumi na nne mfululizo. Alisema ni bahati tokeni ziliisha. Mimi sikulala vyema tena katika nyumba ile hadi alipotuwekea waya mnene na soketi yake peke yake.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Bei ya stima ya nyumbani ina madaraja. Tangu Aprili 2023 atumiaye uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa, anayevuka 30 hadi 100 hulipa zaidi, na anayepita 100 zaidi tena. Daraja lako hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Mama hutumia kama uniti 22. Kwa miezi mitatu ni 66. Gari letu kushiba mara moja lilihitaji 34, ukihesabu na zile zinazopotea njiani kati ya ukuta na betri. Jumla 100, gawanya kwa tatu, Mama yuko juu ya 33. Kwa kushibisha gari mara moja tu tulimtoa mjane kwenye bei ya wanyonge, na angeendelea kulipa bei hiyo mpya sisi tukiwa tumesharudi mjini na kusahau. Uniti tulizomnunulia ndizo zingemwonyesha kuwa amekuwa tajiri!

Serikali haikuyasahau magari haya. Mwaka huo huo wa 2023 tume ya kawi, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuyachaji, shilingi 16 kwa uniti, na nusu yake saa za usiku ambapo matumizi ni machache, kabla ya kodi na tozo nyinginezo. Lakini hiyo huhitaji mita ya peke yake, na ni nani aweke mita ya gari katika boma linalotembelewa na gari mara moja kwa mwaka?

Watoto walikuwa wamelilia kwenda Rusinga kuona kaburi la Tom Mboya, kwa hiyo siku ya tatu tulikwenda Mbita. Huko nilitarajia kupata wenzetu, maana kampuni ya WeTu, iliyoanzishwa mwaka 2019 na wakfu wa Kijerumani wa Siemens Stiftung, ina vituo vya umeme wa jua kando ya ziwa. Lakini pikipiki za umeme ndizo zinazohudumiwa, si magari kama letu. Hata hivyo nilipenda biashara yao ya taa. Wavuvi wa omena, ambao zamani walitegemea karabai za mafuta taa, hukodi taa iliyojaa chaji jioni, wakaenda nayo ziwani, na kuirudisha asubuhi. Bei inajulikana, mvuvi analipa, yanaisha. Nilimtazama mume wangu, naye akatazama ziwa.

Kutoka Rodi tulishika njia ya Ndhiwa kwenda Migori ili watoto waone Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Si mbali na hapo ni Macalder kwenye machimbo ya kale ya dhahabu na shaba, na katika mto Kuja kuna maporomoko ya Gogo, ambako mtambo mdogo wa stima wa megawati 2 ulijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya machimbo hayo. Fikiria, maji ya huku yalizalisha umeme zaidi ya nusu karne kabla ya nyanya zetu wengi kuona balbu nyumbani kwao. Nami nimekuja na gari kuumaliza kwa usiku mmoja.

Kwetu Migori tuliapa kutorudia kosa. Mkwe mwanamume halali ukweni, hayo Wajaluo wenzangu mnayajua, kwa hiyo mume wangu alichukua chumba katika nyumba ya wageni mjini, akalipia kuchaji huko, na mimi na watoto tukalala kwa wazazi. Niliona tumetenda kwa adabu kabisa.

Jioni ya pili baba yangu aliniita chini ya mwembe. "Binti yangu," alisema, "mume wako kulala nje ni mila, sina neno. Lakini gari nalo limeoa hapa?"

Nilishindwa nicheke au nilie. Mzee alikuwa ameudhika kweli. Ameambiwa na watu wa mjini kwamba gari la mkwewe linanunuliwa stima kwa wageni ilhali yeye ana stima yake, tena analipa mwenyewe kila mwezi. Kwake ilikuwa sawa na mgeni anayekula hotelini kabla ya kuja kwako, kisha anagusa ugali wako kwa ncha za vidole. Nilijaribu kumweleza habari ya waya mwembamba. Akasema wake ni mnene. Nikamweleza habari ya madaraja ya bei. Akasema yeye si maskini.

Basi nikamsimulia ya vifaranga. Nilimweleza juu ya kile kigoda, makaa, na swali la Mama asubuhi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Saba?" aliuliza.

"Saba, Baba."

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akachukua tochi, akazunguka nyuma ya nyumba kwenda kusoma mita yake.