Kuaga si Ushamba

Imezuka desturi mpya katika miji yetu ya pwani, kuanzia Lamu hadi Vanga, nayo ni mtu kusafiri ng'ambo kimyakimya. Leo umemwona dukani akinunua mkate, kesho waambiwa yuko Riyadh, au Doha, au Maskati, au Toronto. Ukiuliza alitoka lini, hapana ajuaye. Hata jirani yake wa ukuta kwa ukuta apata habari kwa picha ya simu. Vijana wa siku hizi wauona huo ndio ujanja, na mwenye kuzunguka nyumba kwa nyumba akiaga humwita mshamba. Mimi naona kinyume chake, na ningependa kutoa hoja zangu ili wasomaji wazipime.

Zamani siri ya namna hii haikuwezekana. Safari ilifuata pepo. Majahazi yaliyoletwa na kaskazi katika Bandari ya Kale ya Mombasa yalingoja kusi ivume ndipo yarudi Arabuni, na aliyetaka kwenda nayo alijulikana mapema. Nahodha alijulikana yeye na baba yake na bandari atokako. Msafiri alipita kwa wazee kuomba radhi, akapita kwa wenye maduka kukata hesabu, akasomewa Yasini na kuombewa dua. Wengi wetu twadhani mambo hayo yalikuwa ya heshima tu. La hasha. Ndani ya mzunguko ule mlikuwa na kazi tatu: deni lilipata mwenye kulijibu, mwenye chombo alipimwa kwa macho ya watu wengi, na jamaa walijua pa kumtafuta mtu wao akipotea.

Sasa tazama matayarisho ya leo ya mwenye kwenda kazi Uarabuni. Kuna pasipoti, kuna cheti cha polisi cha tabia njema, kuna kupimwa afya, kuna mkataba wa kutiwa sahihi. Balozi nyingi ziko Nairobi, basi hupanda gari la usiku, na akirudi husema alikwenda kumtazama shangazi yake mgonjwa. Akiuza friji, asema imeharibika. Akiuza kitanda, asema anunua kingine. Miezi mitatu minne mtu aishi na watu wake chini ya paa moja kama mpangaji asiyefahamiana nao. Anapika nao, anafuturu nao, na moyoni amekwisha kuondoka.

Na katika muda huo ulimwengu haumngojei. Kila usiku afungua simu kutazama habari: viza zimesimamishwa, vita vimeanza, nauli imepanda. Akitaka kuuliza, aogopa kujifichua. Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria za nchi za nje, zisirudi hadi tarehe 1 Agosti. Aliyekuwa ameuza vyombo na kuacha kazi, na watu wake wajua, alikuwa na pa kuegemea. Aliyeificha safari yake ilimbidi aifiche na hasara yake pia. Tena tarehe 23 Juni 2025, Iran iliposhambulia kambi ya Al Udeid, Qatar ilifunga anga yake, na ndege zilizokuwa zikielekea Doha zikageuzwa njia. Mama ajuaye mwanawe yu katika ndege gani alikuwa na la kuuliza usiku ule. Asiyejua kwamba mwanawe amesafiri, aulize nini?

Sikatai kwamba siri hii ina sababu zake. Wa kwanza aogopa hasadi na jicho, nasi hatukanushi kuwa jicho ni kweli. Wa pili aogopa kuchekwa. Viza ikinyimwa, barazani patakuwa na maneno mwaka mzima: "Yule wa Ulaya amefika wapi? Hajapita Mariakani?" Wa tatu aogopa wadai wake. Hizo sababu mbili za mwanzo ni aibu yetu sisi tunaobaki, kwa kuwa ndimi zetu ndizo zinazowafukuza watu usiku. Lakini ya tatu ni ya msafiri mwenyewe, wala hapana wa kumsaidia kuibeba. Dawa ya deni ni kulipa, na asiye na cha kulipa dawa yake ni kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Mwenyezi Mungu hakuirefusha bure.

Wako wanaotoa ushahidi wa hadithi mashuhuri ya kusitiri haja, ingawa wanazuoni wamehitilafiana juu ya sanadi yake. Tuseme ni sawa. Basi na tuitazame safari iliyokuwa ya siri kuliko zote katika taarikh yetu, Hijra ya Mtume (S.A.W.) kutoka Makka. Alikuwa akiwindwa auawe. Hata hivyo Sayyidna Ali aliachwa nyuma ili arudishe amana za watu, na baadhi ya wenye amana hizo walikuwa katika wale wale waliomfanyia uadui. Sayyidna Abubakar alijua, na nyumba yake ilijua. Bibi Asma alipeleka chakula. Abdullahi bin Abubakar alikwenda pangoni usiku na habari za mjini. Na kiongozi wa njia, Abdullahi bin Urayqit, hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa mtu ajulikanaye kwa ujuzi na uaminifu, akapatanwa ujira wake kabla ya siku ya kutoka.

Hapo ndipo penye funzo. Siri ile iliwekwa kwa maadui. Haikuwekwa kwa wenye amana, wala kwa jamaa, wala safari haikutiwa mikononi mwa mtu asiyejulikana. Sisi tumepindua. Twawaficha mama zetu na wadai wetu, kisha twampa pasipoti wakala tuliyekutana naye kwenye simu, hatujui hata ofisi yake iko jengo gani.

Ubaya wa mambo haya huwaangukia zaidi mabinti wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani. Neno kafala si geni kwetu. Katika vitabu vya fiqhi ni mtu kubeba dhamana ya mwenziwe. Katika sheria za kazi za nchi za Ghuba limekuwa na maana kwamba ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa tajiri mmoja. Qatar ilibadilisha sheria yake mwaka 2020 ili mfanyakazi aweze kuhama kazi bila ya idhini ya tajiri. Saudi Arabia ililegeza masharti mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa majumbani hawakuingizwa katika malegezo yale. Mwaka huo huo wa 2021 Bunge letu liliambiwa kuwa Wakenya 89 walifariki Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili, na wengi wao walikuwa wa kazi za nyumbani. Sisemi kila aendaye hupata mabaya. Wako waliojenga nyumba na kusomesha ndugu zao kwa jasho la huko, nao wastahili sifa. Nasema kwamba binti anaponyang'anywa simu huko, silaha yake ni yale yaliyobaki nyumbani: jina la mji, jina la tajiri, namba ya pasipoti, nakala ya mkataba. Kama aliondoka kwa siri, hakuacha hata kimoja. Mamake atasimama katika ofisi ya serikali na picha ya mwanawe mkononi, na kila atakaloulizwa atajibu, "Sijui, mwanangu." Mficha uchi hazai, walisema wazee.

Basi nionavyo mimi, mwenye safari afanye mambo manne. Kwanza, awaambie wazazi na angalau watu wawili wazima wenye akili, hata kama mtaa mzima hautajua. Pili, mkataba usomwe na macho zaidi ya mawili, na jina la wakala litazamwe katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo ndiyo yenye kuwasajili mawakala hao. Tatu, nakala za karatasi zote zibaki nyumbani, na zibaki kwa karatasi, kwani simu hupotea na nywila husahaulika. Nne, aandike madeni yake, anayodai na anayodaiwa, pamoja na wasia. Mtume alituhimiza kuwa wasia wetu uwe umeandikwa hata tukiwa tumelala vitandani mwetu. Itakuwaje kwa anayevuka bahari?

Nasi tunaobaki tuna wajibu wetu. Mtu akija kutuaga tumwombee dua, tusimpe orodha ya saa na simu za kutuletea. Viza yake ikikataliwa tumkaribishe kahawa kama jana, tusimfanye masimulizi. Baraza likisafika, watu hawatakuwa na haja ya kutoroka. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu zaidi ya dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nchi za nje mwaka 2024. Fedha zinazorudi twazihesabu hadi senti. Watu wanaotoka hatuwahesabu hata mtaani kwetu.

Wanaotayarisha mizigo wakati huu nawatakia safari njema na riziki ya halali. Nawaachia ubeti huu, nao wautie mkobani pamoja na pasipoti:

Mwenye safari tuage, wenzio tukutambuwe,
Wadai usiwazuge, hesabu yao wapewe,
Usiruke kama ndege, pasi mti ujuliwe,
Radhi ni yako silaha, njia yote uombewe.