Mwajiri Wako ni Wewe Mwenyewe



Miezi mitatu iliyopita alinijia mama mmoja auzaye vitenge hapa Babati, mwenye umri wa miaka 47. Nilipompima, shinikizo la damu lilikuwa 180 kwa 110. "Sista, ningekuja saa ngapi? Nikifunga, wateja wanahamia kwa jirani."

Aliyeajiriwa huomba ruhusa. Aliyejiajiri hana wa kumpa, lazima ajipe mwenyewe. Shinikizo la damu mara nyingi hupanda kimya kimya. Likiachwa huleta kiharusi, na hapo duka hujifunga lenyewe.

Daktari alimwanzishia dawa. Mimi nikafungua naye daftari lake la mauzo. Tuliona kwamba kati ya saa 7 na saa 9 mchana wateja ni wachache. Saa hizo akazitenga: siku ya kliniki aje kupimwa, siku nyingine ale na kupumzika. Safari nne za Arusha kufuata mzigo akazifanya mbili.

Juzi alipima 138 kwa 86, na wateja wake bado anao.

Nawe, mama, chukua daftari leo. Andika kwanza siku ya kupima, ndipo uandike ya biashara.