Kiharusi: Mwendo wa Mgonjwa Upimwe kwa Mwili Mzima

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa aliyepatwa na kiharusi anaponyoosha mkono na kukifikia kikombe, ndugu zake hushukuru wakiamini mkono umepona. Mara nyingi, hata hivyo, kazi hiyo imefanywa na kiwiliwili kilichoinama mbele na bega lililopanda, ilhali kiwiko kingali kimekunjamana. Ndiyo maana huduma za utengamao zinahitaji kupima mwendo wa mwili mzima, si wa kiungo kimoja tu.

Ukubwa wa tatizo unafahamika. Utafiti uliofanyika nchini kati ya mwaka 2003 na 2006 ulibaini kuwa, baada ya kuzingatia tofauti za umri, wagonjwa wapya wa kiharusi walikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Shinikizo la juu la damu, ambalo ni kihatarishi kikuu, halichagui mkoa.

Katika mataifa yenye uwezo, kamera na vihisi vinavyofungwa kiunoni, mikononi na miguuni hunakili kila hatua ya mgonjwa. Pasipo vifaa hivyo, vipo vipimo vya gharama nafuu. Kipimo cha Fugl-Meyer, kilichobuniwa Sweden mwaka 1975, hutoa alama 100 za uwezo wa kujongea: 66 za mkono na 34 za mguu. Kwa kutembea, utepe na saa vinatosha. Anayetumia zaidi ya sekunde 25 kwa mita 10 kwa kawaida huishia kutembea ndani ya nyumba. Anayetumia chini ya sekunde 13 huweza kwenda sokoni na kurejea.

Kwa Nyanda za Juu Kusini, tofauti hiyo ni nzito. Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa huenda akarejea kwenye miteremko ya Rungwe au Kilolo, ambako nauli ya kurudi kliniki kila wiki ni mzigo kwa familia. Takwimu zake zikiandikwa kwenye cheti, mtaalamu wa kituo cha afya cha jirani ataendelea pale mwenzake alipoishia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024, wanaweza kuelekezwa kupima mita hizo 10 nyumbani kwa mgonjwa.

Wananchi nao wana wajibu. Uso ukipinda, mkono ukilegea au kauli ikivurugika ghafla, mgonjwa awahishwe hospitali bila kusubiri. Siku ya kuruhusiwa, familia iulize: ametembea mita 10 kwa sekunde ngapi, na lini atapimwa tena?