Straika wa pili siyo dawa Ushirika

Timu ikikwama Uwanja wa Ushirika, Moshi, jukwaa lina dawa moja tu: "Kocha, ongeza straika!" Kwa shabiki ni rahisi. Kocha anajua anayetoka kumpisha straika huyo mara nyingi ni kiungo, na kati wakibaki wawili dhidi ya watatu, mpira haufiki mbele. Mastraika wote wawili watasimama wakiutazama ukipigwa juu kwa juu.

Polisi Tanzania wana mfano wao wenyewe. Oktoba 2019, chini ya Seleman Matola, walitoka sare ya 3-3 na Yanga jijini Dar es Salaam, Ditram Nchimbi akitupia yote matatu. Yanga wakambeba dirisha dogo (Matola naye akaenda benchi la Simba). Jangwani, Nchimbi yuleyule hakuwa tena tishio la kiwango kile. Miguu haikubadilika, waliomzunguka ndio walibadilika.

Hilo ndilo kocha yeyote wa Polisi, walioshuka Ligi Kuu 2023, anapaswa kulieleza jukwaani waziwazi, kabla hajalazimishwa na kelele kumtoa kiungo dakika ya 60.