Mnawafundisha Watoto Kupiga Pozi, Nani Anawafundisha Kuandika Stori Zao?

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani wala nani kanunuliwa gari na nani. Leo nataka tuongelee watoto, na naomba usipite haraka haraka kama unavyopita tangazo la mkopo.

Kuna klipu huwa zinazunguka, sura zinabadilika lakini mchezo ule ule. Staa wetu wa kike, jina tunalihifadhi maana yupo zaidi ya mmoja, anamfanyia mwanaye bethidei. Keki ina ghorofa tatu, puto kama zote, MC kashika maiki. "Haya bethidei gelo, tuambie, leo unajisikiaje?" Mtoto anaangalia viatu. MC anarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama vile mtoto ni kiziwi. Mtoto anajificha nyuma ya gauni la mama. Mama anacheka ile ya aibu, anainama kumnong'oneza: "Sema nashukuru mama." Mtoto anasema "nashukuru mama" kwa sauti ya mbu, watu wanapiga makofi, muziki unaendelea.

Halafu shuka kwenye komenti ujionee. "Mtoto mshamba huyo." "Ada mamilioni halafu hajui kuongea." "Hajiamini kabisa, kachukua kwa baba yake." Watu wazima hao, wana watoto wao majumbani, wanamchambua mtoto wa miaka saba.

Mimi nikiiangalia klipu ya namna hiyo, ushamba siuoni. Namuona mtoto aliyeulizwa swali ambalo jibu lake tayari lipo mdomoni kwa mama. Yani aliulizwa yeye, akajibiwa na mwingine, yeye akapewa kazi ya kurudia tu. Na tukiwa wakweli, hivyo ndivyo tunavyowalea wengi wetu. "Mwamkie anko." "Sema ahsante." "Mwambie shangazi unataka kuwa daktari." Sentensi zote mtoto anapewa zimeshapikwa. Siku akiulizwa kitu ambacho hakuna mtu kampikia, anabaki anaangalia viatu.

Najua utaniambia siku hizi watoto wanajiamini sana, mbona wanacheza mbele ya kamera bila woga? Ni kweli wanacheza, na wengine wanatisha. Lakini kucheza alichokiona kwa mwingine ni kitu kimoja, kusema unachokiwaza wewe ni kitu kingine. Muulize huyo dogo anayekata mauno kwenye simu ya dada: ile katuni uliyoangalia jana, wewe ungekuwa yule sungura ungefanyaje? Wengi watakujibu "nzuri". Sio kosa lake, hajawahi kuulizwa.

Shuleni nako mambo ni yale yale. Mtihani wetu wa darasa la saba sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua herufi. Mtoto anasoma miaka saba, anakuwa fundi wa kutambua lipi kati ya majibu ya mtu mwingine ndilo sahihi. Majirani zetu Kenya, hata kwenye ule mtihani wao wa zamani wa KCPE uliofanyika kwa mara ya mwisho 2023, angalau kulikuwa na karatasi ya Insha. Mtoto alilazimika kukaa na ukurasa mtupu na kuujaza kwa maneno yake. Sisemi watoto wa Kenya wote wanajiamini kwa ajili ya hiyo karatasi. Nasema mtoto asiyewahi kukutana na ukurasa mtupu tusishangae akikutana na maiki akakosa la kusema.

Ndio maana hoja yangu leo ni moja tu: badala ya kumpeleka mtoto darasa la kupiga pozi, au darasa la hotuba anakokwenda kukaririshwa Kiingereza cha kwenye karatasi, mpeleke akaandike stori zake. Na kama darasa la namna hiyo mtaani kwenu hakuna, lianzisheni. Halihitaji jengo.

Tuone wenzetu wanafanyaje. Mwaka 2002, pale San Francisco, Marekani, mwandishi Dave Eggers na mwalimu Nínive Calegari walifungua sehemu ya kuwasaidia watoto kuandika, inaitwa 826 Valencia. Kichekesho ni kwamba jengo walilopata lilitakiwa kisheria liwe la biashara. Wakasema sawa, wakafungua duka la vifaa vya maharamia wa baharini! Vitambaa vya jicho, bendera za mafuvu, vitu kama hivyo. Mbele duka, nyuma watoto wanaandika. Mtoto aliyekuwa anaona aibu kusema anaenda kusaidiwa masomo, sasa anasema naenda kwa maharamia. Dublin kule Ireland, mwandishi Roddy Doyle na mwenzake Seán Love wakaanzisha yao 2009, inaitwa Fighting Words. London nao wakafuata 2010, hao wakafungua duka la vifaa vya mazimwi.

Ninachokipenda ni namna wanavyofanya. Watoto wakifika, hawaambiwi "kaeni kimya mwandike". Wanaanza wote pamoja kwa mdomo. Mhusika wetu ni nani? Anaogopa nini? Rafiki yake nani? Kila mtoto anatupia wazo, mtu mzima kazi yake ni kuchapa tu. Stori ikifika patamu, wanaikata hapo hapo, kila mmoja anakwenda kuandika mwisho wake mwenyewe. Kwa hiyo hata yule mkimya kabisa hakutani na ukurasa mtupu peke yake, anapewa kianzio. Na watoto wanaondoka na kitabu chenye kazi yao.

Sasa utaniuliza, hiyo inajengaje kujiamini? Sikiliza.

Kwanza, kwenye stori hakuna jibu la kukosa. Ukisema mbuzi wa jirani anajua kuendesha bodaboda, hakuna mwalimu wa kukuwekea alama ya X. Swali linalofuata ni moja tu: anaiendesha kwenda wapi? Mtoto anajikuta yeye ndiye anayejua, mtu mzima ndiye anayeuliza. Kwa watoto wengi hiyo inaweza kuwa mara yao ya kwanza maishani.

Pili, karatasi haikatishi mtu. Mtoto mkimya mara nyingi sio kwamba hana la kusema, ila foleni ya wasemaji ni ndefu na yeye hajui kusukumana. Ukimpa dakika ishirini na penseli, anapata zamu yake kamili. Akimaliza ndio unagundua kumbe yule bubu wa darasa ndiye mchekeshaji wao.

Tatu, kufuta kunaruhusiwa. Tena ndio kazi yenyewe. Mtoto anajifunza kwamba kitu kikiwa kibaya leo, kesho kinarekebishika, na hajafa mtu. Hapo ndipo tofauti ya anayejiamini na asiyejiamini inapoonekana. Wote wanakosea, ila mmoja anajua kwamba kuna kesho.

Na mnaosema "uandishi ni wa Wazungu", hebu tuheshimiane. Bongo Fleva hii mnayoringia, wangapi wamejifunza kuandika mistari nyuma ya daftari la hesabu, huku mwalimu anadhani wanatafuta kipeo cha pili? Rapa unayemkubali ni mtoto aliyeandika akafuta, akaandika tena, akamsomea mshikaji wake mmoja kibarazani, mshikaji akasema "mwanangu hapo umeua". Hilo ndilo darasa lenyewe, tofauti ni kwamba lilifanyika kwa kujificha na wengine walichapwa kwa ajili yake. Na kabla ya hapo bibi zetu walikuwa na hadithi njoo, uongo njoo, na mtoto alipewa zamu ya kutoa yake. Siku hizi bibi yupo mkoani, sebuleni kuna tivii, na tivii haimpi mtoto zamu.

Halafu kuna hili la lugha, hapa nitakanyaga watu vidole. Kuna shule mtoto akikutwa anaongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni. Mzazi analipa ada ili mwanaye aaibishwe kwa lugha anayoiota usiku, kisha anashangaa mtoto kawa mpole. Mwacheni aandike stori kwa lugha inayomtoka. Akichanganya, achanganye. Kiingereza atakifundishwa, walimu wapo. Lakini ukimfundisha kwamba sauti yake ya kwanza ni kosa, hiyo ya pili ataiongea huku anatetemeka.

Kuna sababu nyingine, na hii sio ya kuchekea. Watoto wetu wanafanyiwa mambo. Na mtu mzima mwenye nia mbaya anamchagua mtoto ambaye anajua hatasema, au akisema hataeleweka. Mtoto aliyezoea kupanga tukio, nani alikuwepo, kikaanza nini, kikafuata nini, mimi nikajisikiaje, na aliyezoea kwamba akisema kuna mtu anasikiliza mpaka mwisho, ana nafasi kubwa zaidi ya kuja kukuambia. Sisemi daftari ni polisi. Nasema mtoto aliyefundishwa kwamba maneno yake yana uzito ni vigumu kumnyamazisha kwa pipi.

Kwa hiyo anayeendesha darasa la namna hii lazima ajue: mtoto akiandika kitu kinachotisha, hakisomwi mbele ya wenzake, hakicheki mtu, na hakiishii kwenye daftari. Unamsikiliza, unatafuta msaada. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni bure kuipiga. Iweke kwenye simu yako sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

Na ninyi mastaa na wazazi wa kupenda laiki, nawaomba sana: stori ya mtoto sio kontenti. Usiipige picha ukaiposti na emoji za kucheka kwa sababu kaandika "nyumba" bila y. Siku utakayomrushia stori yake kwa watu laki tatu bila kumuuliza, ndio siku atakayoanza kuandika vitu vya kukufurahisha wewe, na hapo mchezo umekwisha. Umemrudisha kule kule kwenye "sema nashukuru mama".

Najua swali lenu. "Sasa mwandishi Bongo anakula nini?" Jamani, mtoto wako anajifunza kuogelea, umeshamkatia tiketi ya Olimpiki? Unampeleka ili asizame. Kuandika nako ni hivyo hivyo. Akiwa mhasibu, atahitaji kumwambia bosi wake hesabu hizi hazipo sawa. Akiwa mke au mume wa mtu, atahitaji kusema hiki sikitaki. Na akiwa mwandishi kweli, basi Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar 1948, kachukua Nobeli ya fasihi 2021, na hapa nyumbani Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa 2023. Tuzo za wakubwa zipo. Tatizo ni kwamba tunataka kuvuna bila kupanda.

Gharama? Madaftari na penseli. Pesa ya ghorofa moja ya zile keki inawatosha watoto wa mtaa. Wachukue madogo nane mpaka kumi, Jumamosi asubuhi, kibarazani, saluni kabla wateja hawajajaa, popote. Dakika kumi mnatunga pamoja kwa mdomo, kwa mfano "siku daladala ya Gongo la Mboto ilipoota mabawa". Dakika ishirini kila mtu anaandika. Asiyejua kuandika vizuri anasimulia, wewe unamwandikia vile vile alivyosema, usimpambie. Dakika kumi na tano anasoma anayetaka. Asiyetaka halazimishwi, wiki ya tatu au ya tano atanyoosha mkono mwenyewe.

Sheria ziwe tatu tu. Hakuna kalamu nyekundu. Hakuna kumcheka mtu, isipokuwa kaandika kichekesho. Na ukisifia, sifia kitu: "nimependa ulivyosema mvua ilikuwa na hasira" inamjenga mtoto kuliko "wow, hongera sana, good girl". Sifa ya jumla mtoto anajua ni ya bure. Ukimtajia sentensi yake mwenyewe, anajua umemsoma.

Mwisho wa muhula, zikusanyeni stori, mzitoe fotokopi, mzibane kwa stepla, jina la kila mtoto liwe kwenye jalada. Hakuna uzinduzi wa ukumbini, hakuna MC. Kila mtoto apeleke nakala moja kwa mtu anayempenda.

Najua wapo watakaosema wao hawana muda, kazi, foleni, maisha. Sawa. Basi leo usiku anza na swali moja. Usimuulize "shuleni mmesoma nini", utajibiwa "hesabu". Muulize: "Kama begi lako lingekuwa na mdomo, leo lingesema nini?" Halafu nyamaza. Usimsaidie. Hata akikaa kimya dakika nzima, vumilia, usimpe sentensi. Anaitafuta ya kwake.

Wewe ulipokuwa mdogo, nani alikupa nafasi ya kusema lako mpaka mwisho? Au ulikuwa timu ya "nyamaza, wakubwa wanaongea"? Tupia maoni hapo chini, na wenye vibaraza Kinondoni, Temeke, Mbagala, jitajeni, madogo wanasubiri.