Trekta Kuukuu Lina Bei Yake

Mkulima aliyerithi trekta kuukuu asikimbilie kuliuza kwa mizani kama chuma chakavu. Kwanza na asome kibao chenye namba, kwani ndiyo ijulishayo mwaka wa kuundwa. Ferguson TE20, kwa mfano, liliundwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956. Yalitoka zaidi ya 500,000, basi uzee peke yake hauliongezei thamani. Mnunuzi hutazama kama injini yazunguka na vipande ni vya asili. Rangi mpya iliyofunika kutu humtia shaka. Bei na ilinganishwe na zilizolipwa mnadani kwa matrekta ya namna hiyo. Kisha waulizwe wote wawili: mwenye kukusanya mitambo ya kale, na mwenye kutafuta vipuri. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.