Kabla ya Asilimia, Tuulize Tarehe

Siku hizi asilimia zimeingia hadi kwenye mahubiri. Padre anayetaka kuonyesha kwamba imani inapoa anataja utafiti, na mwenzake anayetaka kuonyesha kwamba watu bado wana kiu ya Mungu naye anataja utafiti. Waseminari wetu wanasambaza madodoso parokiani kwa ajili ya tasnifu zao, wanahesabu majibu na kuchora majedwali. Sina ugomvi na kazi hiyo. Mchungaji anayewauliza waamini wanafikiri nini namwona bora kuliko yule anayedhani anajua tayari. Linalonikera ni kwamba tunanukuu asilimia bila kutaja siku ambayo watu waliulizwa, wakati mara nyingi siku hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini walijibu hivyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua unatoka Marekani, ambako mashirika ya utafiti hurudia maswali yaleyale mwaka hadi mwaka. Machi 2001 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani kama wanaona ushawishi wa dini katika maisha ya nchi yao unaongezeka au unapungua. Asilimia 37 walisema unaongezeka. Katikati ya Novemba mwaka huohuo swali likarudiwa, na waliosema unaongezeka wakawa asilimia 78. Machi 2002 likaulizwa tena. Asilimia 37.

Kati ya swali la kwanza na la pili kulikuwa na Septemba 11, siku ambayo magaidi waliteka ndege nne na watu karibu 3,000 wakauawa. Makanisa yalijaa. Shirika la Gallup lilikuta asilimia 47 wakisema wamekwenda kusali ndani ya siku saba zilizopita. Kufikia Novemba walikuwa asilimia 42, karibu sawa na kabla ya mashambulizi. Sasa mfikirie askofu ambaye angepewa ile asilimia 78 mezani na kuambiwa nchi imemrudia Mungu. Angeongeza Misa, angeandaa mikutano ya injili, pengine angeanza kujenga. Miezi minne baadaye angebaki na madawati matupu na deni.

Mtu asiseme kwamba waliojibu Novemba walidanganya. Walisema walichokiona. Televisheni ilikuwa imewaonyesha wiki baada ya wiki watu wakiwasha mishumaa, viongozi wakisali hadharani, mapadre wakizika wazimamoto. Mtaalamu wa siasa John Zaller, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu asili ya maoni ya umma, alieleza jambo ambalo kila katekista mzoefu analijua: watu wengi hawatembei na jibu kamili kichwani likisubiri kuulizwa. Wanapoulizwa, wanalitengeneza papo hapo kutokana na yale yaliyo karibu na akili zao wakati huo. Mambo yaliyo karibu huwekwa hapo na habari za wiki, na mazungumzo ya sokoni, na kilichosemwa jana jioni kwenye redio. Swali linabaki lilelile lakini mtu anachota kutoka chungu kingine.

Wanasiasa wanalijua hili kuliko sisi. Rais George W. Bush alikuwa akiungwa mkono na asilimia 51 siku chache kabla ya mashambulizi yale, na asilimia 90 kabla ya mwezi kwisha. Baba yake alifika asilimia 89 baada ya ushindi wa vita vya Ghuba mwaka 1991. Novemba 1992 alishindwa uchaguzi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotumia madodoso hulisahau. Tukio kubwa hubadilisha pia nani anakubali kujibu. Mwaka 2012, baada ya mdahalo wa kwanza kati ya Barack Obama na Mitt Romney, tafiti nyingi zilionyesha wapigakura wamemhama Obama. Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia watu walewale siku baada ya siku kupitia mashine za michezo za Xbox waligundua kwamba sehemu kubwa ya kuhama huko haikuwapo. Wafuasi wa Obama walikuwa wamevunjika moyo na kwa siku kadhaa hawakutaka kujibu maswali. Maoni yao hayakuwa yamebadilika. Nadhani hili linatuhusu zaidi ya lile la kwanza. Parokia ikipata aibu, aliyeumia hasogei karibu na dodoso, na watakaojaza ni wale ambao wangejaza hata nyumba ikiungua.

Nimefika kwenye jambo lenyewe, na si jepesi kwa gazeti la seminari.

Kila mwaka Gallup huwauliza Wamarekani wanaonaje uaminifu na maadili ya watu wa taaluma mbalimbali, wakiwemo viongozi wa dini. Novemba 2001 asilimia 64 walisema maadili ya viongozi wa dini ni ya juu au ya juu sana. Mwaka mmoja baadaye walikuwa asilimia 52. Januari 2002 gazeti la Boston Globe lilikuwa limeanza kuchapisha habari za mapadre waliowanyanyasa watoto kingono, na namna jimbo kuu lilivyowahamisha kutoka parokia hadi parokia. Kufikia Desemba, Kadinali Bernard Law alikuwa amejiuzulu uaskofu mkuu wa Boston.

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema hadi leo kila habari ya namna hii inapotoka: hizi ni hasira za magazeti, zitapita. Na kwa kweli tarehe zinawapa hoja. Kwanza, ile asilimia 64 ilikuwa yenyewe imepandishwa na Septemba 11. Mwaka 2000 ilikuwa 60, na mwaka 1999 ilikuwa 56. Katika utafiti huohuo wa mwaka 2001, wazimamoto walipata asilimia 90. Kwa hiyo anayesema imani kwa viongozi wa dini ilianguka kwa pointi 12 anapima kutoka juu ya wimbi. Pili, mwaka 2003 asilimia ilirudi 56, palepale ilipokuwa kabla ya mambo yote haya. Tatu, swali liliwahusu viongozi wa dini wa madhehebu yote, si mapadre wetu peke yao.

Mtu angeishia hapo angesema dhoruba ilipita. Lakini fuata mstari huo miaka inayofuata. Mwaka 2009 ni asilimia 50. Mwaka 2013 ni 47. Mwaka 2018, baada ya ripoti ya baraza la mashtaka la Pennsylvania kuhusu majimbo sita ya Kikatoliki, ni 37. Mwaka 2023 ni 32. Hakuna habari moja iliyoishusha namna hiyo, na wala si kashfa peke yake, maana katika miaka hiyo Wamarekani wamepunguza imani yao kwa taasisi nyingi. Hata hivyo waliosema kwamba yatapita walikuwa sahihi kwa mwaka mmoja na wakakosea kwa miaka ishirini.

Ndiyo maana sikubali hoja ya tarehe itumike kama mwavuli wa kujikinga. Ipo habari inayowasha hofu au huzuni, ikasukuma majibu juu au chini kisha watu wakarudi walipokuwa. Ipo pia habari inayomwambia mtu kitu ambacho hakukijua na alistahili kukijua. Zote mbili huonekana sawa kwenye jedwali la wiki ya kwanza. Mama aliyesoma mwaka 2002 kwamba padre aliyembatiza mwanawe alikuwa amehamishwa mara tatu kwa sababu ileile hakupandwa na hisia za muda. Alijulishwa. Kumwambia kwamba jibu lake limeathiriwa na vyombo vya habari ni kumwongezea jeraha.

Ufaransa inaonyesha ugumu huu kwa karibu zaidi. Oktoba 5, 2021 tume huru iliyoongozwa na Jean-Marc Sauvé, iliyoundwa kwa ombi la maaskofu na watawa wenyewe, ilitoa ripoti ikikadiria kwamba watoto 216,000 walinyanyaswa na mapadre na watawa tangu mwaka 1950. Kadirio hilo lilitokana na utafiti wa watu zaidi ya 28,000, walioulizwa kabla ripoti haijatoka. Siku chache tu baada ya ripoti hiyo, Papa Fransisko alifungua Roma safari ya Sinodi, na majimbo ya dunia nzima yakaanza kukusanya maoni ya waamini. Waamini wa Ufaransa waliulizwa wanatarajia nini kwa Kanisa lao wakati magazeti yao yalikuwa yamejaa namba hiyo. Je, tuyapunguzie uzito majibu yao? Mimi nasema hapana. Ila anayeyasoma bila kujua kilichotokea wiki ile hataelewa kwa nini yanazungumzia madaraka ya padre kwa sauti kali kiasi hicho.

Najua jibu ambalo ndugu zangu wa teolojia watanipa: Kanisa haliongozwi na kura. Hati ya mwaka 2014 ya Tume ya Kimataifa ya Teolojia kuhusu hisia ya imani inasema wazi kwamba hisia hiyo si kitu kimoja na maoni ya walio wengi. Nakubali. Lakini hati hiyohiyo inazungumzia pia njia za kuwasikiliza waamini, na huwezi kumsikiliza mtu vizuri kama hujui ametoka wapi asubuhi ile.

Hapa kwetu matukio hayahitaji kuwa makubwa kiasi cha Septemba 11. Dodoso kuhusu utoaji wa zaka likisambazwa wiki ambayo paroko ametangaza mchango mpya wa ujenzi, majibu yatakuwa ya mchango ule. Likisambazwa baada ya padre mpendwa kuhamishwa, hata swali la katekesi ya watoto litajibiwa kwa uchungu wa uhamisho. Kisha mseminari anaandika sura ya nne ya tasnifu: “Asilimia 68 ya waamini hawaridhiki.” Hawaridhiki na nini, na tangu lini?

Wenzetu wa Kenya waliliweka jambo hili kwenye sheria. Sheria yao ya mwaka 2012 inamtaka anayechapisha utafiti wa maoni ya uchaguzi ataje, pamoja na mambo mengine, nani ameugharamia na watu walihojiwa lini. Sioni kwa nini idara zetu za kichungaji na wasimamizi wa tasnifu wadai pungufu ya hapo. Mseminari aandike siku alizokusanya majibu, na aeleze kwa sentensi mbili tatu watu walikuwa wakizungumza nini siku hizo: kilichotangazwa kanisani, kilichosikika redioni, nani alizikwa. Aandike ni madodoso mangapi hayakurudi, na kutoka jumuiya zipi ndogo ndogo. Muda ukiruhusu, arudi baada ya miezi sita na swali lilelile, kwa maneno yaleyale, hata kwa jumuiya mbili tu. Jibu likiwa limerudi lilipokuwa, amejua alipima wiki. Likiwa limebaki, au limezidi kushuka, basi alipeleke kwa paroko, na paroko asimwulize kwanza ni gazeti gani limewaharibu watu.